Kwanza Kizime

"Kwanza kizime," alisema.
Miaka kumi na mmoja nauza vinanda
mtaa wa Pekini, hapa Tbilisi,
na hajatokea mtu wa kuniomba nizime.
Watu huomba niongeze sauti.
Huomba ngoma, filimbi, makofi ya umati,
zile sauti mia tatu zilizochapwa kwenye boksi
ambazo wiki ya pili hakuna azigusaye.

Bi Tsiala alikuwa na unga kwenye pindo la mkono.
Nikachomoa waya.
Akaweka kidole gumba juu ya kitufe cha mwisho kushoto,
akakibonyeza taratibu, kama mtu anayepima
donge limeumuka au bado,
akakiachia, akatazama kinavyorudi.
"Hiki ni povu," akasema.
Akahamia cha pili. "Hiki nacho ni kofuli bovu."
Duka lilikuwa kimya, vinanda saba vimelala,
na yeye akivipita kimoja kimoja
kama mkaguzi.

Nikaanza hotuba yangu, ndiyo inayonilisha:
kwamba kinanda cha mbao kina nyundo ndani,
nzito upande wa besi, nyepesi kadiri unavyopanda;
kwamba hivi vya umeme, vilivyo vizuri, huuiga uzito huo;
kwamba anayeanza asikubali vitufe pungufu ya themanini na nane,
na mkono uliolelewa kwenye wepesi
siku ukikutana na nyundo halisi utaumbuka...

"Kijana," akanikata,
"miaka thelathini na nne nakanda mikate.
Uzito usinifundishe. Nifundishe bei."

Kile alichokipenda mkono wake, cha tano, cheusi,
kilikuwa lari elfu moja na mia tatu.
Kwenye bahasha alikuwa na mia tisa na arobaini,
nyingine za sarafu.

Nikatazama mlango. Bosi wangu, Gocha, alikuwa kwenye supu.
Nikakumbuka kile cha maonyesho, ndugu yake huyo,
kilichokwaruzwa ubavuni na mtoto mwenye ufunguo,
kisicho na kishikio cha kitabu.
"Nota sisomi," akasema. "Kishikio nikifanyie nini?"
Na miguu ya chuma, hii ya kukunja?
Akaitikisa mara moja, ikacheza kama jino la maziwa.
Akapima kwa kiwiko chake, hewani:
"Meza yangu ya zamani inafika hapa. Nitaiosha."

Nilipokuwa naandika risiti ndipo aliponiambia.
Juu yake aliishi mzee Vakhtang.
Kila siku saa kumi jioni alipiga kinanda,
wimbo uleule, akikosea palepale,
na yeye, aliyeamka saa saba za usiku kuwasha tanuri,
ndiyo ilikuwa saa yake ya kulala.
Miaka yote hiyo aligonga dari kwa fagio.
Mwezi Machi binti yake akamchukua, akampeleka Batumi.
Wanaume sita walishuka na kile kinanda ngazini.
"Tangu siku ile sijafumba jicho.
Kumekuwa kimya, kimya cha kipumbavu.
Nataka nifike pale anapokosea tu.
Zaidi ya hapo siombi."

Nikamtilia hedifoni ndani ya boksi, sikuziandika.
Gocha akiuliza, nitajua la kusema.

Jumamosi tulikipeleka. Lifti ya kwao hula sarafu,
ikameza yangu, ikagoma; tukapanda ghorofa tano kwa miguu.
Meza ilikuwa imeoshwa. Ilinuka hamira bado.
Akazitazama hedifoni, akazirudisha mkononi mwangu.
"Chini yangu," akasema, "kuna msichana, Lali,
muuguzi wa zamu za usiku.
Jioni hulala."

Nikamuuliza: je, akigonga kwa fagio?

Alikuwa ameshakaa. Akanyoosha kidole kimoja,
kile kilichopinda kwa miaka ya kukanda,
akakiweka katikati, akasubiri kidogo,
akabonyeza.